Debian kwenye steshenari yangu: uzoefu wa zaidi ya miaka minne

Nina steshenari ndogo Makambako. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya kutoa kopi na ya laminesheni. Kazi ni zile zile: barua za maombi ya kazi, CV, ripoti za wanafunzi wa vyuo, mitihani ya shule, mikataba ya viwanja. Mteja akifika hataki kusikia habari za kompyuta, anataka karatasi yake aondoke. Kwa hiyo nikisema mfumo unategemeka nina maana hii: saa moja na nusu asubuhi nikibonyeza swichi, mashine iwake ikiwa vile vile nilivyoiacha jana jioni.

Debian, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, mmoja wa jamii ya Linux, niliiweka Septemba 2021, toleo la 11, likiwa na mwezi mmoja tangu litoke. Kabla yake nilitumia mfumo mwingine wa Linux, nao unatengenezwa na watu wanaojitolea, ila ni wa aina ile ya kupokea programu mpya kila zinapotoka. Ulikuwa unapendeza, na kila wiki kuna kigeni. Siku moja ya Juni, wanafunzi wamejaa dukani na ripoti zao za field, niliapdeti usiku kabla ya kufunga. Asubuhi mashine mbili zikawaka hadi kwenye kioo cheusi na kistari kinachopepesa, basi. Kijana wangu wa kazi alihangaika nazo mpaka saa tisa alasiri. Wateja wakavuka barabara kwa jirani, na walikuwa na haki. Waliokuwa wametanguliza hela nikawarudishia. Wengine sijawaona tena hadi leo.

Baada ya siku ile nilianza kuuliza jambo ambalo nilipaswa kuuliza mwanzo: hawa watu wanaotengeneza mfumo bila malipo, wanaamuaje kwamba kitu kimeiva? Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Haina kampuni inayoimiliki, na kiongozi wake anachaguliwa kila mwaka kwa kura za waendelezaji wenyewe. Programu mpya inaanzia kwenye tawi linaloitwa Sid. Ikikaa siku kadhaa bila kuonekana hitilafu kubwa inahamia tawi la majaribio, na toleo likikaribia, tawi hilo linafungwa kwa miezi. Hapo hakuna kuongeza kipya, ni kurekebisha tu. Toleo linatoka takriban kila miaka miwili, na likishatoka, kinachoingia ni marekebisho ya usalama na ya hitilafu nzito. Kwangu mimi maana yake ni kwamba menyu niliyomfundisha kijana Januari ataikuta pale pale Novemba.

Watu wanaisema Debian kwa huo mwendo wa kinyonga. Programu zake ni za zamani kidogo, ni kweli, na mtu anayetaka vya leo leo atachoka nayo. Lakini nakumbuka Machi 2024. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa akifanya vipimo kwenye Debian ya tawi la Sid akaona kuingia kwa ssh, yaani njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angeipuuza. Yeye aliifuatilia mpaka akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, akakuta mtu amepandikiza mlango wa siri kwenye toleo la 5.6.0 na la 5.6.1. Alitangaza tarehe 29 Machi, na waliokuwa wakipokea vipya kila siku walikuwa na kazi usiku ule. Mimi nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaangalia mashine zangu moja moja: 5.4.1, zote tatu. Mlango ule ulikuwa umeingia Sid na tawi la majaribio, haukufika kwenye toleo imara. Tangu hapo sijawahi kulalamikia uzee wa programu zangu.

Halafu kuna umeme. Mwaka jana mwalimu mmoja wa sekondari alikaa pembeni yangu akinisomea mtihani wa Jiografia kutoka kwenye daftari, mimi nachapa. Tumefika swali la tisa, umeme ukakatika. Betri ya UPS ilikuwa imeshakufa, mashine ikazima papo hapo. Mwalimu akashika kichwa.

"Dada, ndiyo imepotea hiyo?"

"Subiri kwanza mwalimu, urudi tuone."

Ulirudi baada ya kama dakika arobaini. Nikawasha. Maandishi meupe yakapita, diski ikasoma daftari lake la kumbukumbu. Mpangilio wa diski yangu, unaoitwa ext4, unaandika kwanza mabadiliko unayotaka kufanya, ndipo unayafanya, kwa hiyo ukikatishwa njiani unajua pa kuendelezea. Sekunde chache tu desktopu ikawa mbele yetu. LibreOffice ikauliza irejeshe faili? Swali la kwanza hadi la nane yote yalikuwepo, tukapoteza mistari miwili ya la tisa. Hapo niongeze kwamba yenyewe huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10, na mimi nimeipunguza hadi 3. Wenye biashara kama yangu, fanyeni hivyo leo. Kwa muda wote huu, na umeme wetu unavyokatika, sijalazimika kuweka mfumo upya hata mara moja.

Yapo yaliyonisumbua. Kadi ya Wi-Fi ya mashine moja, ambayo mtengenezaji wake hatoi huru fimwea yake (programu ndogo inayokiendesha kifaa chenyewe), haikuonekana kabisa wakati wa kuweka toleo la 11, na ilibidi niunganishe simu kwa waya nipate intaneti. Waendelezaji walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu fimwea za namna hiyo ziwemo kwenye diski rasmi, na kuanzia toleo la 12 tabu hiyo imeniisha. Printa moja nimeiuza kwa sababu draiva yake haipo kwa Linux. Na mafaili ya Word yenye majedwali mengi bado huyumba. Mwandiko wa Calibri nimeutatua kwa kuweka Carlito, ambao herufi zake zina upana ule ule, ila mtu akija na cheti chenye mapambo namwomba alete PDF.

Kwenye flashi ndiko nimepata wateja wapya. Mtu anakuja amenuna, flashi imeingia kirusi, kila folda imegeuka shotikati na mafaili hayaonekani. Nikiichomeka kwangu, zile shotikati zinabaki vifaili visivyo na nguvu, na mafaili yake yaliyofichwa yanaonekana yote yametulia. Mama mmoja alikuta humo picha za harusi ya mwanawe alizokwisha kata tamaa nazo, akakaa kwenye benchi akaziangalia zote kwanza, hata hakukumbuka kilichomleta.

Toleo la 13 lilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Nilisubiri mpaka shule zifungwe Desemba, nikahifadhi nakala za kazi zote kwenye diski ya nje, nikapandisha mashine mbili, moja kila jioni. Asubuhi zote ziliwaka na printa ikachapa bila kuguswa. Ya tatu ni ya zamani, ya biti 32, na toleo la 13 halina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hilo limenigusa, maana ndiyo niliyoanzia biashara. Nimeiacha kwenye la 12, ambalo marekebisho yake ya usalama yanaendelea hadi Juni 2028, na nimeihamishia mlangoni. Flashi za wateja zinaanzia pale.