Baada ya kidato cha nne: kusonga mbele au kushika ufundi?

Matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakitoka, wazazi wengi Uganda huwaza kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu: karo ya miaka 5 au zaidi. Kwa anayelenga udaktari au sheria, hakuna mjadala.

Kwa wengine, ufundi una mengi zaidi ya kutoa. Pale Katwe, Kampala, mchomeleaji leo anaunda geti, kesho mashine ya kukoboa mahindi. Soko likigeuka, naye anageuka. (Eti ni kazi ya waliofeli! Aliyesema hivyo, geti lake liliundwa na nani?) Ila asiye na cheti hukosa kandarasi kubwa, kwa hiyo mimi ningechagua chuo cha ufundi. Kabla ya kulipa, ingia karakana: mashine zinanguruma au zimefunikwa turubai?