Programu za bure nilizoweka kwenye laptopu mpya, na ile iliyonifaa zaidi kazini

Nafanya kazi ya kuchapa, kuprinti na kutoa kopi hapa Majengo, Mombasa. Laptopu yangu ya sasa nimeinunua mjini, ex-UK (iliyotumika Uingereza) iliyo safi, yenye Windows 11 na leseni yake halali. Wakati wa kuichukua, fundi aliniuliza swali ambalo kila anayenunua laptopu hapa huulizwa: "Dada, nikutilie Office na antivairasi? Utanipa kitu kidogo tu." Nikamwambia aiache ilivyo.

Kwenye mashine hii hupita vitambulisho vya watu, PIN za KRA (mamlaka ya kodi), vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Office ya wizi huja na kiprogramu cha kughushi leseni, na mara nyingi fundi hulazimika kuizima kinga ya Windows ndipo kiprogramu hicho kifanye kazi. Aliyekitengeneza humjui, na alichokificha ndani hukijui. Mteja aliyeniachia kopi ya kitambulisho chake hajaniruhusu kumtia hatarini hivyo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuzitunza taarifa zake ni wajibu wangu. Defender iliyomo ndani ya Windows inanitosha. Antivairasi nyingine sikuweka.

Programu iliyobeba kazi yangu yote ni LibreOffice. Ilianza 2010 ilipojitenga na OpenOffice, na inasimamiwa na The Document Foundation. Ina Writer ya kuandikia, Calc ya hesabu, Impress ya slaidi na Draw ya michoro. Ukishaipakua haikudai intaneti wala akaunti, kwa hiyo bando likiisha katikati ya kazi, kazi haisimami.

Wakati wa kuisakinisha usibonyeze tu Next hadi mwisho. Chagua Custom, uteremke hadi kwenye kamusi, uhakikishe ya Kiswahili imo. Ndani ya programu utaiona kwa jina Swahili (Tanzania), nasi wa Kenya inatufaa vilevile. Kwa anayechapa kumbukumbu za vikao vya chama na barua za kuomba kazi kutwa nzima, mstari mwekundu chini ya "shukrahani" ni msaada mkubwa. Kasoro yake ni kwamba vitenzi virefu vyenye viambishi vingi huvipigia mstari hata vikiwa sahihi. Mimi huviongeza kwenye kamusi yangu kidogo kidogo, na kelele zimepungua.

Lakini iliponishika hasa ni kwenye mitihani ya madrasa. Maustadhi huniletea karatasi yenye maswali kwa Kiswahili na aya kwa Kiarabu, na Kiarabu chenyewe kina alama zake za irabu, fataha na kasra, hakitaki kubahatisha. Ingia Tools, kisha Options, kisha sehemu ya lugha, utie alama kwenye Complex text layout. Hapo utapata kitufe cha kugeuza aya ianzie kulia. Fonti ya Amiri inakuja na LibreOffice yenyewe. Imechorwa kwa kufuata mwandiko wa Naskh wa matbaa ya Bulaq, Cairo, na ukiitazama kwa karibu utaona uzuri wake: shada, alama ya kukaza herufi, inakaa juu ya herufi yake bila kuparamia mstari wa juu, na fataha iliyo juu ya shada haipotei kwenye printi. Mzee mmoja wa madrasa aliishika karatasi dirishani akaisoma aya yote kwa sauti kabla ya kuniambia nitoe kopi za darasa zima. Nilifurahi mno.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui kimo kwenye dirisha la kutoa PDF. Kuna kisanduku cha Hybrid PDF. Ukikitia alama, faili ya asili hufungwa ndani ya ile PDF. Mteja anapelekewa PDF ya kawaida kwenye WhatsApp, anaisoma kwenye simu bila tabu. Akirudi baadaye kutaka tarehe ibadilishwe, ananitumia ileile, naifungua kwa LibreOffice na kuihariri kama sijawahi kuifunga. Wasifu wa watu wanaotafuta kazi bandarini na hotelini sasa nautoa hivyo tu.

Mahali inapokwama ni kwenye faili za Word kutoka maofisini. Tangu 2023 Microsoft ilianza kuachana na Calibri na kuifanya Aptos fonti yake ya kawaida. Laptopu isiyo na Aptos huweka fonti nyingine badala yake, mistari inasogea, na sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa wa kwanza inajikuta ukurasa wa pili. Kwa barua ya kawaida narekebisha mwenyewe. Kwa mkataba, namwomba mteja aitishe PDF kutoka ofisi iliyoutuma, kwa sababu mkataba sitaki niuguse hata kidogo.

Zilizobaki ni fupi. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa mwaka 1996, inafungua karibu kila video na sauti niliyoletewa kwenye flashi. Nikiwa naandika mawaidha yaliyorekodiwa kwa simu, vitufe vya mabano mraba hupunguza au kuongeza kasi, nami nafuatana na msemaji. 7-Zip ni ya kufungulia faili zilizobanwa, basi. Firefox nimeiweka kwa ajili ya kiongezo cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, ambacho Chrome imeacha kukikubali. Matangazo yakizuiwa, kurasa zinafunguka haraka na bando linadumu.

Zote hizi zipakue kwenye tovuti za wenyewe: libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org, mozilla.org. Ukitafuta "VLC free download" unaweza kukutana kwanza na tangazo la tovuti ya kuiga, lenye kitufe kikubwa cha kijani, na kinachoshuka hapo sicho ulichokitaka.

Wenzangu wa kazi hii wana shida moja inayowakaribia, nayo ni kadi za harusi. Wengi wetu tumezitengeneza kwa Microsoft Publisher miaka na miaka, na Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua faili zake kwa programu hiyo. Draw ya LibreOffice inazifungua faili za .pub, ila maua ya pembeni na maandishi yaliyopindwa mara nyingi huvurugika. Kadi mpya nazitengeneza kwa Inkscape, programu ya kuchora ambayo nayo ni ya bure. Inataka subira kuizoea, lakini mistari yake inabaki mikali hata bango likiwa la ukutani. Za zamani, kama bado una mashine yenye Publisher, zigeuze PDF sasa, uanze na zile ambazo wateja huzirudia: mialiko ya nikahi, kadi za khitma na ratiba za maulidi.