TAHADHARI: Muuza laptopu za gemu anayekutana na wateja stendi ya Kange, Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaotafuta laptopu nyepesi ya kuchezea gemu na kusafiri nayo, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi ya advansi. Kuna kijana anauza mashine kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa mjini. Mimi ameshanipiga, na juzi nimeona picha zile zile zimewekwa kwa namba nyingine: laptopu nyeupe juu ya kitambaa cha meza chenye maua mekundu, pembeni kikombe cha bati cha bluu. Ukikiona hicho kikombe, usijibu hata salamu.

Kazi yangu ni kufunga sola. Leo nipo Handeni, wiki ijayo Lushoto, na kutoka Lushoto kupanda Mtae mara nyingi ni bodaboda, begi mgongoni. Nilikuwa na mashine ya inchi 15 yenye kilo mbili na nusu, chaja yake ukiishika ni kama tofali. Mgongo uliniuma kweli. Usiku gesti hakuna cha kufanya, gemu ndiyo pumziko langu, kwa hiyo nikadunduliza miezi minane nipate ASUS ROG Zephyrus G14 ya 2022: inchi 14, kilo 1.6 na ushee, GPU (chipu inayochora picha za gemu) ya Radeon RX 6700S yenye GB 8. Mtumba, maana mpya siiwezi.

Huyu kijana alikuwa nayo kwa 2,300,000. Akataka laki tatu ya advansi kwa simu kwa sababu eti kuna mtu wa Muheza naye anaing'ang'ania. Nikatuma. Nikamwomba tukutane Ngamiani kwa fundi ninayemjua, akasema hawezi, anasafiri kwenda Dar, tukutane Kange. Hapo ndipo mtego ulipo, na naomba mpatazame vizuri.

Alifika saa saba na nusu. Basi lake, kwa maneno yake, linatoka saa nane. Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie, hakuna soketi. Mashine ilikuwa na chaji asilimia 14. Akaifungua yeye, akanionyesha kioo, akabonyeza bonyeza, akaniruhusu niishike. Nyembamba, nyepesi, bawaba zimekaza. Chini ya kibodi stika ya RX 6700S inang'aa. Kila nikitaka kufungua kitu anatazama saa: "Kaka, gari linaniacha." Nikahesabu milioni mbili taslimu, akanikabidhi na chaja ya Type-C ya wati 65, akasema ndiyo yake. Akapotelea upande wa mabasi.

Usiku, nyumbani Makorora, nikawasha gemu. Picha zinakatika katika. Chaji ikaanza kushuka, 60, 57, 52, na waya umechomekwa! Nikataka kumpigia rafiki yangu kwa video nimwonyeshe, nikaitafuta kamera. Haipo. Nilipitisha kidole juu ya kioo chote, ni fremu tupu, laini, hakuna hata alama ya tundu. Moyo ulinishuka, kwa sababu nilishawahi kusoma kwamba G14 za 2020 na 2021 zilitengenezwa bila kamera. Ya 2022 inayo.

Nikafungua Task Manager, sehemu ya Performance, nikashuka kwenye GPU: GTX 1650 Ti, GB 4. Nikaigeuza, lebo ya namba ya modeli imekwanguliwa kwa kitu chenye ncha. Asubuhi fundi akaingia BIOS (programu ya ndani inayowaka kabla ya Windows), ikasoma GA401II, ambayo ni ya 2020. Ya 2022 inaanza na GA402. Ile stika mpya alipoibandua, chini yake kulikuwa na gundi ya stika nyingine. Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe nilikuwa nimelishika mkononi. Kwa macho tu mashine hizi za miaka tofauti zinafanana mno, na wepesi ni ule ule. Fundi aliniambia yeye asingetoa zaidi ya milioni moja na laki mbili.

Nilipompigia alipokea mara moja: "Ulikagua mwenyewe ukaridhika." Tangu hapo hapatikani. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo, na maelezo yake yote ninayo, nimeyapiga picha kabla hajayafuta.

Kwa hiyo, kama unanunua mashine ya aina hii mkononi mwa mtu, kutaneni penye umeme. Kama hataki, ondoka. Chomeka chaja yake halisi, cheza gemu dakika ishirini nzima, kwa sababu mashine nyembamba ikipata moto hujipunguzia kasi, na hilo hulioni ndani ya dakika mbili. Type-C ya wati 65 inafaa kwa kuandika na kutazama filamu, gemu nzito hailishi. Angalia GPU mwenyewe, kwa mkono wako, usikubali picha aliyokutumia. Kwa G14, tazama pia vipimo vya kioo: ya 2022 ni 1920 kwa 1200 au 2560 kwa 1600, ya 2020 ni 1920 kwa 1080 au 2560 kwa 1440.

Betri nayo. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Yangu ilitoka na 76 Wh (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), sasa inashika 41. Kwa msafiri, hiyo ni karibu nusu ya safari imekatwa. (Wanaopanda ndege: hadi 100 Wh unaingia nayo ndani bila kuomba kibali, kwa hiyo hapo hakuna shida.)

Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kama anasema ana duka.

Namba zake sizianiki hapa. Nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na malalamiko nimefungua polisi Chumbageni, RB (namba ya taarifa yangu polisi) ninayo. Kama nawe umepigwa kwa picha za kile kikombe cha bluu, njoo inboksi na ushahidi wa muamala wako, twende pamoja. Mpaka sasa tupo wawili, mwenzangu ni dada wa Pangani aliyetoa laki tano za advansi na mashine hajaiona kabisa.