Barakoa ya 3M 6200 mbele ya grainda: inazuia nini, inapitisha nini

Kwenye saiti nyingi helmeti na buti hukaguliwa getini, ila fundi anayekata tailizi chumbani kwa grainda huachiwa barakoa ya hospitali, au hujifunga fulana puani. Vyote viwili havimsaidii. Zege, graniti, tofali za saruji na tailizi za poseleni zina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na disiki ya almasi huisaga ikawa chembe zisizoonekana kwa macho. Wingu jeupe linalomfanya mtu akohoe si baya kuliko yote, maana chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zilizo chini ya maikroni 4 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

3M 6200 ni barakoa ya nusu uso ya kutumia tena na tena: kikombe cha mpira laini, vichujio viwili pembeni, vali ya kutolea pumzi mbele. Hii ni saizi ya kati. Ndogo ni 6100, kubwa 6300. Wengi hukwama kwa kutojua kwamba kikombe na vichujio huuzwa mbalimbali. Kwa vumbi ulizia 2091, visahani vya rangi ya waridi daraja la P100, vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Bidhaa za soko la Ulaya huandikwa P3, nazo zinafaa vilevile.

Kichujio kizuri hakina maana iwapo hewa inapenya pembeni, na hapo ndipo 6200 inapoishinda barakoa ya kutupa. Panga kichujio na meno ya kikombe, zungusha robo mzunguko kufuata saa mpaka kigome. Vaa mkanda wa juu kichwani, funga wa chini shingoni, kisha vuta ncha zote mbili kwa usawa. Ziba vali ya mbele kwa kiganja, toa pumzi taratibu: kikombe kivimbe kidogo, na usisikie upepo mashavuni wala puani. Halafu bonyeza katikati ya visahani kwa vidole gumba uvute hewa; kikombe kinywee usoni. Ikishindikana, legeza upange upya, au badili saizi. Mwenye ndevu asijidanganye, hata za siku mbili zinavujisha.

Hata ikikaa sawasawa, barakoa ya nusu uso huhesabiwa kupunguza vumbi mara 10 tu. Sheria ya Marekani inaweka ukomo wa silika wa maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo kwa zamu ya saa 8, kwa hiyo mahesabu ya barakoa hii yanaishia maikrogramu 500 (50 mara 10). Kukata zege kavu ndani ya chumba kilichofungwa kunaweza kupita hapo. Maji yanayomiminika kwenye disiki yanatangulia, barakoa inafuata. Na hapa tahadhari: grainda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kumwagiwa maji. Tafuta mashine ya kukatia yenye mpira wake wa maji, uichomeke kwenye saketi yenye swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Kuepa vumbi ukapigwa shoti si usalama.

Kasoro zipo. Jasho hujaa kidevuni, na kwa joto la Dar au Mombasa fundi ataivua kila akipata upenyo, basi mpangie mapumziko mbali na vumbi. Sauti hufifia; kazi ya kuitana na winchi itumie ishara za mikono. Mkanda wa juu hukaa chini ya helmeti, kwa hiyo rekebisha upya ukanda wa helmeti.

Kinachoiua mapema ni usafi mbaya. Kichujio hakioshwi, wala hakipulizwi kwa kompresa: upepo huo hutoboa nyuzi, na kwa macho kitaonekana kizima. Kibadili kikichakaa, kikilowa au pumzi ikiwa nzito. Kikombe kioshe kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, kianike kivulini. Angalia kile kiwambo chembamba cha vali ya mbele. Chembe moja ya simenti ikikwama pale, vumbi linaingia kila ukivuta pumzi.

Visahani vya waridi havizuii mvuke wa tina (kiyeyusha rangi) wala moshi wa jenereta. Kwa rangi za mafuta tafuta katriji nyeusi ya 6001. Kwa moshi wa jenereta hakuna katriji ya kutegemea, itoe nje mashine. Kwenye karo, kisima au shimo la choo usiingie nayo kabisa, kwani kichujio hakitengenezi oksijeni.

Tunaipendekeza kwa wakata tailizi, wanaochonga kuta kupitisha mabomba na wanaosugua plasta. Nunua saizi mchanganyiko, kila mtu awe na yake yenye jina, na kila kikombe kiwe na jozi ya vichujio vya akiba. Gharama ni ya mwajiri. Sheria za usalama kazini za Tanzania (2003) na Kenya (2007) zinamtaka yeye ndiye atoe vifaa vya kinga.