Gari la spoti la zamani: lipi liwe la kwanza kwa anayetaka kujua kuendesha

Anayenunua gari la spoti la zamani kwa mara ya kwanza huuliza nguvu ya injini kabla ya kitu kingine chochote. Swali langu ni jingine: gari hili litakupa dalili gani kabla matairi hayajaanza kuteleza? Mengi ya magari haya hayana ABS (mfumo unaozuia magurudumu kuganda ukifunga breki), hayana mifuko ya hewa, wala kompyuta ya kukuokoa ukikosea kwenye kona. Kazi hiyo yote ni ya dereva, na raha yake imo humohumo. Kwa hiyo nimeyapanga kwa jinsi yanavyomfundisha mtu akiwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa, si kwa jinsi yanavyokimbia.

1. Mazda MX-5 ya kwanza (1989–1997)

Hili naliweka juu bila kusita. Lilianza na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 115, katika gari la uzito wa takriban tani moja tu. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, usukani unakuwa mwepesi mkononi na pua inakataa kugeuka. Ukikanyaga mafuta mapema mno, unahisi kwenye kiti kwamba nyuma inaanza kulegea, na kwa kawaida inalegea polepole kiasi cha kukupa nafasi ya kurekebisha. Kwenye kona nzuri, kilomita 60 kwa saa zinatosha kukufurahisha. Huhitaji kuvunja sheria wala kumtisha mtu yeyote barabarani, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko nguvu ya injini.

Kagua kutu chini ya milango, hasa karibu na magurudumu ya nyuma. Matundu ya kutolea maji ya paa la turubai yakiziba, maji hukaa humo na kula bati kutoka ndani, wakati rangi ya nje bado inang'aa. Kwa zile za 1.6 za miaka ya mwanzo, fundi aangalie pia ncha ya krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini, pale puli inapofungwa, kwa kuwa baadhi hulegea.

2. Porsche 944 (1982–1991)

Injini ya silinda nne iko mbele na gia boksi iko nyuma, kwa hiyo gari limetulia kwenye kona kama lililopimwa kwa mizani. Kwa safari ndefu, hili linaishinda MX-5. Linashika nafasi ya pili kwa sababu moja: mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini huharibika. Kama hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo uiondoe kwenye bei unayotoa.

3. MGB (1962–1980)

Zilitengenezwa zaidi ya laki tano, na spea zake bado zinapatikana kwa urahisi. Ina injini ya lita 1.8, na nyingi zina kabureta mbili ambazo hata mwanafunzi wa ufundi anaweza kuzirekebisha. Breki za nyuma ni za dramu, kwa hiyo utajifunza kutazama mbali na kupunguza mwendo mapema. Ningetafuta za kabla ya 1974. Baada ya hapo ziliwekewa bampa kubwa nyeusi za mpira, bodi ikainuliwa, na gari likaanza kulala kwenye kona. Liinue kwa jeki: mlango ukigoma kufunga vizuri, bodi imeliwa na kutu.

4. Datsun 240Z

Silinda sita kwa mstari, lita 2.4, sauti tamu. Lakini kutu yake ni sugu. Linamfaa mwenye fundi wa bodi anayemwamini.

5. Porsche 911 za zamani

Wengi watashangaa kuliona mwisho, nami nalipenda sana. Ila injini imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiingiwa na hofu katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko, na nyuma inataka kukupita. Watengenezaji wenyewe waliliona hilo: kwa magari ya mwaka wa 1969 walisogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 kurudi nyuma ili kuongeza utulivu. Lisiwe gari lako la kwanza. Kwanza zoea kumaliza kufunga breki gari likiwa bado limenyooka, kisha kukata kona mguu ukiwa umetulia kwenye mafuta.

Gari lolote utakalochagua, tenga fungu la fedha kabla ya kulipa. Matairi kwanza: tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2318, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Magari haya hulala gereji miaka mingi, na tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekauka na kuwa gumu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishe yote. Mikanda ya usalama pia. Kisha lipia siku moja na mwalimu kwenye uwanja uliofungwa, ufunge breki kwa nguvu hadi magurudumu yagande, uachie, urudie. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Ni vizuri mwili wako uujue umbali huo mahali pasipo na watu.

Siku ya kujaribu gari, tafuta barabara iliyonyooka na tupu. Kwa kilomita 50 kwa saa, shika usukani kwa wepesi na ufunge breki kwa uthabiti. Likivutia upande mmoja, fundi aone breki na shokomzoba kabla hujaendelea. Muuzaji akikataa usifanye jaribio hilo, mrudishie funguo.