Msaada Goma: gunia la unga au pesa kwenye simu?
Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, waasi wa M23 nao wakauteka mji huu wa mashariki mwa Kongo mwezi huohuo, kila kidogo kinachofika kinagombewa.

Kwa gharama, pesa inashinda: haihitaji lori, ghala wala chukudu (kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo), na mama anaamua mwenyewe kati ya unga, dawa na karo. Lakini uhakika? Benki zilifungwa, noti zikaadimika, wakala naye akakata yake (na dola iliyochanika kidogo nani anaipokea?). Gunia halikatwi asilimia. Huporwa tu, kama maghala ya PAM (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, WFP) yalivyoporwa Januari ileile.

Ukiwa Birere, mtaa wa soko hapa Goma, soko likiwa na bidhaa, chukua pesa. Ukiwa Masisi, nje ya mji, na barabara imefungwa, mimi ningepanga foleni ya gunia.