Injini inayomisi baada ya kufungwa nozeli kubwa: tathmini ya huduma ya gereji moja ya Kange, Tanga

Gari nililolipeleka katika gereji hii, iliyo jirani na stendi ya mabasi ya Kange, ni Toyota Chaser ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE, silinda sita na lita 2.5. Nozeli zake za kiwandani, yaani vifaa vinavyopulizia petroli ndani ya injini, hupitisha takriban cc 380 kwa dakika, na kwa kuwa turbo iliyofungwa baadaye ilizifikisha ukingoni mwa uwezo wake, gereji nyingine iliniwekea za cc 550 pamoja na kompyuta inayokubali kupangwa upya. Barabarani, hasa ule mwendo wa kutoka Muheza kwenda Segera, gari lilivuta vizuri kuliko zamani. Shida ilikuwa likisimama: lilimisi, yaani injini haikuwaka sawasawa, lilitetemeka, halikukamata sailensa (mzunguko wa taratibu wa injini gari likiwa limesimama), lilitoa harufu kali ya petroli, na usiku taa zikiwaka na feni ya kiyoyozi ikianza kazi, lilikaribia kuzima kabisa.

Fundi wa kwanza kuliona tatizo hilo alishauri nozeli zote zibadilishwe kwa madai kwamba ni bandia. Wa pili alitaka koili na plagi mpya. Hakuna kati yao aliyepima chochote, na hapo ndipo huduma ya gereji ya Kange inapotofautiana na nyingi nilizozizoea. Fundi mkuu aliniambia mapema, "Mzee, hatutabadilisha kitu ambacho hatujakipima," kisha akaandika kwenye karatasi gharama ya upimaji peke yake, mbali na gharama ya matengenezo, ili nisije nikalipia spea zisizohitajika.

Kazi ilianzia kwenye plagi, ambazo zilipangwa mezani kwa namba za silinda. Tano zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu, dalili ya petroli kuzidi, lakini ile ya silinda ya nne ilikuwa imepauka kana kwamba haipati mafuta ya kutosha. Tofauti hiyo ilistahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kama kosa lingekuwa la kompyuta peke yake, silinda zote sita zingeonyesha ugonjwa uleule. Fundi akahitimisha kwamba kuna makosa mawili yanayofichana, na akakataa kugusa mipangilio ya kompyuta hadi lile la silinda ya nne liondolewe.

Alipima ukinzani wa kila nozeli kwa mita, zote zikasoma kati ya omu 12 na 13, yaani ni zile za ukinzani mkubwa ambazo kompyuta inaweza kuziendesha moja kwa moja. Kipimo hiki ni cha dakika chache, nacho hakifai kurukwa, kwa kuwa nozeli za omu 2 au 3 zikifungwa bila vikinza vyake zinaweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoziamuru. Soketi nazo zilifunguliwa na kusafishwa. Hewa ya chumvi ya mji wetu hula vichwa vya waya haraka, na soketi yenye kutu huleta kumisi ambako mtu anaweza kutafuta chanzo chake kwa miezi.

Baada ya hapo moshi wa kutafutia mivujo ulipulizwa kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, ukatoka chini ya nozeli ya nne. Mpira wa chini wa nozeli hiyo (oringi) ulikuwa umekunjwa na kukatwa kidogo wakati wa kufungwa, bila shaka kwa kusukumwa mkavu bila kupakwa mafuta. Hewa iliyopenya hapo iliiingia silinda hiyo zaidi kuliko nyingine. Sensa ya oksijeni, ambayo husoma moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika, iliona oksijeni imezidi, na kompyuta ikaitikia kwa kuziongezea mafuta hata zile tano zisizo na kosa. Nilipenda kwamba hawakutumia ile njia ya kupuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini yenye moto, ambayo imeshachoma magari. Nilipenda pia kwamba kabla ya kufungua reli ya mafuta walichomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini izime yenyewe ili mgandamizo ushuke, huku mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu.

Oringi zote zilibadilishwa na masizi mapya hayakuonekana tena kutofautiana kati ya silinda, lakini sailensa ilikuwa bado mbaya, na sasa zamu ya kompyuta ilifika. Aliyeifunga alikuwa ameingiza ukubwa mpya wa nozeli, yaani cc 550 badala ya 380, akaacha muda wa kuchelewa kufunguka ukiwa ule wa nozeli za zamani. Kila nozeli huchukua muda mfupi tangu inapopata umeme hadi inapoanza kupitisha mafuta, kwa kawaida karibu milisekunde moja umeme ukiwa volti 14, na muda huo hurefuka volti zinaposhuka. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi huchukua milisekunde 20, na nozeli inaweza kukaa wazi 15 au zaidi. Kosa la milisekunde 0.2 hapo halifiki hata asilimia 2. Kwenye sailensa, nozeli kubwa hupitisha mafuta kwa karibu milisekunde moja tu, na kosa lilelile huwa asilimia 20. Fundi alinieleza haya huku akinionyesha kwenye skrini, nami nikaelewa kwa nini gari lilikuwa zuri Segera na baya kwenye foleni, na kwa nini lilizidiwa usiku, wakati taa na feni zinaposhusha volti.

Aliingiza jedwali la muda wa kuchelewa lililokuja na nozeli zenyewe, kwa kila kiwango cha volti, akafunga sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye ekzosi, akawasha na kuzima taa na kiyoyozi hadi uwiano wa hewa na petroli ukatulia karibu na 14.7 kwa 1 bila kuyumba. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akanusa, na kuagiza oili ibadilishwe kwa kuwa petroli iliyozidi ilikuwa imeshuka ndani yake. Hilo sikuwa nimeliomba, na ni jambo ambalo wengi hulisahau ilhali oili iliyochanganyika na petroli huila injini kimyakimya.

Upungufu upo. Ripoti yao ya mashine ya kupimia nozeli ilionyesha mtiririko zikiwa wazi muda wote peke yake, ambapo zote sita zilikaribiana mno. Kwa tatizo la sailensa, kipimo chenye maana zaidi ni cha kufunguka kwa muda mfupi mfupi, kwa kuwa nozeli zinaweza kulingana zikiwa wazi na zikatofautiana sana zinapodonoa. Walikifanya nilipoomba, na matokeo yalikuwa mazuri, lakini mteja asiyejua hataomba. Vilevile nakala ya mipangilio ya kompyuta haitolewi mpaka uidai. Ingepaswa kukabidhiwa pamoja na risiti, maana gari likiharibikia Korogwe au Same, fundi wa huko atahitaji mahali pa kuanzia. Sehemu ya kusubiria haina kivuli cha kutosha, na kwa joto la kaskazi mtu atafanya vyema kuliacha gari na kurudi mjini kwa daladala.

Gharama haikuwa ndogo, ingawa ilikuwa chini mno ya bei ya seti mpya ya nozeli niliyokuwa nikishinikizwa kuinunua. Kwa mwenye gari la kawaida anayetaka kusafishiwa nozeli tu, zipo gereji za Ngamiani zitakazomfaa kwa bei nafuu zaidi. Kwa aliyebadili turbo, nozeli au kompyuta, naipendekeza hii bila kusita.

Jambo moja limebaki. Kiasi cha mafuta ya kuwashia injini ikiwa ya baridi hakiwezi kupangwa vizuri Tanga mjini, ambako asubuhi yenyewe ina joto. Fundi amenishauri nililaze gari Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni au Julai, niliwashe alfajiri kompyuta ikiwa inarekodi, kisha nimpelekee rekodi hiyo alirekebishe jedwali, na marekebisho hayo yamo ndani ya bei niliyokwisha kulipa.